Riwaya zisizovuka Kasumbalesa

Magari ya mizigo yanayotoka Dar es Salaam hufika Kasumbalesa, mpakani mwa Zambia na Kongo, baada ya kuimaliza Tanzania, kuvuka Tunduma na kuikata Zambia karibu yote. Yanaleta mafuta, vipuri, mabati, nguo na vyakula. Yanarudi na shaba na kobalti. Foleni ya mpakani inaweza kula siku kadhaa, na dereva wa Kitanzania akishuka kutafuta chai hahitaji mkalimani. Kiswahili cha mama anayemmiminia chai kimekulia migodini na kina lafudhi yake, lakini wanaelewana, bei inapatikana na utani unafuata. Kutoka hapo mpaka Lubumbashi zimebaki kilomita 90 hivi. Katika pilikapilika zote hizo kuna kitu kimoja kisichosafiri, nacho ni riwaya. Za Dar es Salaam na Nairobi hazipandi kwenda Lubumbashi, na za Lubumbashi haziteremki kwenda pwani.

Jambo hili limenisumbua zaidi tangu Aprili 2025, V. Y. Mudimbe alipofariki Marekani akiwa na miaka 83. Rambirambi zilikuwa nyingi, na alizistahili. Nilizozisoma karibu zote zilimlilia mwanafalsafa, yule mwandishi wa The Invention of Africa, kitabu cha 1988 kilichoonyesha jinsi wamisionari, wasafiri na wanaanthropolojia wa Ulaya walivyolimbikiza maandishi juu ya Afrika, lile rundo aliloliita maktaba ya kikoloni, hata ikawa Mwafrika mwenyewe anapotaka kujieleza hujikuta akichota maneno humohumo. Mwandishi wa riwaya alipewa sentensi moja, majina ya vitabu vinne, basi. Kisha ukarudi ubishi wa zamani. Alikuwa mtu wa Afrika au wa Ulaya? Ugumu wa maandishi yake ni kina au ni kujitenga na watu?

Naona ubishi huo unaanzia pabaya. Mudimbe hawezi kupimwa akiwa peke yake, wala akiwekwa tu kando ya Wafaransa aliowasoma. Alikuwapo mtu wa rika lake aliyehangaika na maswali yaleyale, katika miaka ileile, upande wa pili wa Ziwa Tanganyika, tena kwa Kiswahili. Mtu huyo ni Euphrase Kezilahabi. Na kama wasomaji wa wawili hawa hawajawahi kukutana, sababu yake inafaa kuchambuliwa polepole, maana ndani yake ndimo lilimo swali lote la urithi wa waandishi wa Katanga, eneo la Lubumbashi.

Mudimbe alizaliwa Desemba 1941 Likasi, mji wa migodi ambao Wabelgiji waliuita Jadotville. Ni mji huohuo ambamo, mwaka 1952, Mwenda Jean-Bosco alirekodiwa na gitaa lake akiimba kwa Kiswahili nyimbo zilizosikika Afrika nzima ya kati na mashariki. Kijana Mudimbe yeye alielekezwa kwingine. Alilelewa na kanisa, akaingia utawa wa Wabenedikto huko Rwanda, akautoka, akasoma Lovanium mjini Kinshasa na baadaye Louvain, Ubelgiji, akarudi na shahada ya udaktari. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu iliviunganisha vyuo vikuu vya nchi kuwa kimoja, na masomo ya fasihi na falsafa yakapelekwa Lubumbashi. Huko ndiko alikofundisha. Mwaka uliofuata majina ya Kikristo yalipopigwa marufuku, Valentin-Yves akawa Vumbi Yoka, na zile herufi V. Y. zikabaki palepale. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alipotakiwa kuingia katika Kamati Kuu ya chama tawala, alichagua kuondoka. Maisha yake yote yaliyobaki aliyafundishia Marekani.

Kezilahabi alizaliwa Aprili 1944 Namagondo, kisiwani Ukerewe. Naye alipita mikononi mwa mapadre, katika seminari ya Nyegezi, kabla ya kwenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Naye alikuwa mwanafalsafa. Udaktari wake aliuchukua Marekani katika miaka ya 1980. Naye aliishia kufundisha nje, Botswana. Alifariki Januari 2020.

Sasa tazama miaka ya vitabu vyao. Rosa Mistika ya Kezilahabi ilitoka 1971. Entre les eaux ya Mudimbe ikatoka 1973. Mwaka 1974 ni Kichwamaji, 1975 ni Dunia Uwanja wa Fujo, 1976 ni Le Bel immonde. Mwaka 1979 wakatoa kwa pamoja, Kezilahabi Gamba la Nyoka na Mudimbe L'Écart. Ni kama watu wawili wanaopokezana neno katika baraza moja, ila hakuna hata mmoja aliyekuwa akimsikia mwenzake.

Ufanano hauishii kwenye tarehe. Shujaa wa Entre les eaux ni padre Pierre Landu, Mwafrika aliyesomea Roma, ambaye anaona kanisa lake limeegemea upande wa wenye nguvu, analiacha na kujiunga na waasi wa Kimaksi msituni. Huko nako hakubaliki. Waasi wanamwona ni padre tu, na yeye mwenyewe hawezi kuuvua upadre kama anavyoweza kuvua kanzu. L'Écart inamfuata Ahmed Nara, mwanahistoria Mwafrika anayefanya utafiti wake Paris juu ya Wakuba wa Kongo, ambaye kila anapotaka kuyaandika ya watu hao anakuta wazungu wamekwisha kuyaandika, na lugha yao imemwingia hata kichwani. Mambo yake tunayasoma katika daftari alizoacha, kwa maana amekwisha kufa.

Weka kando ya Nara yule Kazimoto wa Kichwamaji. Ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kijijini na kukuta kwamba elimu imempa macho ya kuona ubovu wa kila kitu bila kumpa mikono ya kurekebisha chochote. Hawezi kusali kama wazazi wake, hawezi kupenda bila kujichunguza, na mtoto wake mwenyewe anazaliwa na kichwa kikubwa kupita kiasi na kufa. Naye Kazimoto anajiua. Wahakiki wa Kiswahili wameandika sana juu ya falsafa ya udhanaishi ndani ya riwaya hii, na mara nyingi wameishia kwa Camus na Sartre, kana kwamba ili kumwelewa kijana wa Ukerewe ni lazima upitie Paris. Jirani wa karibu zaidi alikuwa Lubumbashi, mtoto wa kanisa na wa shule kama yeye, akiandika juu ya msomi huyohuyo aliyeraruka.

Tofauti zipo, na ni kubwa. Kezilahabi anamrudisha msomi wake kijijini na kumkabidhi kwa ndugu, majirani, bibi na mabinti. Kazimoto anasemeshwa, anasutwa, anachekwa. Wasomi wa Mudimbe wamefungiwa ndani ya vichwa vyao. Hata wanapozungukwa na watu, wanaosema nao hasa ni vitabu. Kwa maoni yangu hapo Kezilahabi anamzidi. Uchungu wa Kazimoto unawagusa na watu wasiojua falsafa yoyote, kwa sababu unapitia kwenye familia. Lakini Mudimbe naye anamzidi Kezilahabi kwa kitu kingine. Anajua kwa usahihi wa kutisha mahali ambapo kidonda kilianzia. Kazimoto anaugua bila kujua ameambukizwa wapi. Nara anaijua hospitali, daktari na sindano. Katika L'Odeur du père ya 1982, Mudimbe alieleza kwamba kujitoa Magharibi kunadai kwanza kupima ni kiasi gani cha Magharibi bado kimo katika njia zetu za kujitoa. Sijui riwaya ya Kiswahili iliyolibeba swali hilo mpaka mwisho wake.

Na urithi? Rosa Mistika ilizuiwa shuleni ilipotoka, ikabishaniwa na walimu, mapadre na wazazi, baadaye ikakubalika na kusomwa. Mjadala huo ulifanyika kwa lugha ambayo hata mzazi asiyefika sekondari aliweza kuingia na kusema lake. Entre les eaux ilipata tuzo ya Kikatoliki ya fasihi huko Ufaransa mwaka 1975, ikatafsiriwa kwa Kiingereza, ikaandikiwa tasnifu. Wa Lubumbashi waliweza kujivunia. Wangapi waliweza kubishana nayo? Mwandishi hurithiwa na wale wanaoweza kumkatalia, na kwa kipimo hicho Kezilahabi ana warithi wengi zaidi nyumbani kuliko Mudimbe, ingawa jina la Mudimbe linatajwa katika vyuo vingi zaidi duniani.

Nisieleweke kwamba lugha inamaliza kila kitu. Nagona na Mzingile, riwaya fupi za Kezilahabi za miaka ya baadaye, ziko kwa Kiswahili na bado wengi huziweka chini baada ya kurasa chache. Ugumu ni ugumu kwa lugha yoyote. Lakini mtu anayeshindwa na Mzingile anajua ameshindwa na kitabu. Anayekutana na L'Écart bila Kifaransa cha kutosha hata hajapewa nafasi ya kushindwa.

Jambo la kustaajabisha ni kwamba swali hili liliulizwa Lubumbashi kwenyewe, mapema. Georges Ngal, aliyefundisha chuoni hapo enzi za Mudimbe, alichapisha mjini humo mwaka 1975 riwaya iitwayo Giambatista Viko. Shujaa wake ni msomi Mwafrika anayeota kuandika kitabu kikuu kwa kuziteka nguvu za masimulizi ya wazee na kuziingiza katika umbo la Kizungu. Wazee wanamkamata na kumweka kizimbani. Kosa lake ni kunyang'anya kauli isiyo yake na kuiuza kwa wageni. Wengi wamemtafuta Mudimbe nyuma ya sura ya Viko, na ugomvi wa wasomi hao wawili umekuwa sehemu ya historia ya chuo. Mimi naona uzito zaidi katika kesi yenyewe. Riwaya iliyoandikwa kwa Kifaransa inamhukumu mwandishi wa riwaya za Kifaransa, na inamhukumu mbele ya wazee ambao hukumu hiyo wasingeweza kuisoma. Ngal aliliona tatizo waziwazi. Alibaki nalo.

Hapa kila mtu humtaja Ngũgĩ wa Thiong'o, naye alifariki Marekani wiki chache tu baada ya Mudimbe, tarehe 28 Mei 2025. Jibu la Ngũgĩ linajulikana. Alipokuwa mahabusu Kamiti aliamua kuandika riwaya kwa Kigikuyu, na riwaya hiyo ikatoka 1980. Waswahili waliipata kwa jina la Shetani Msalabani. Jibu hilo lina heshima yote, na Pius Ngandu Nkashama, mwingine aliyefundisha Lubumbashi kabla ya kuhama nchi, alifuata njia ya karibu na hiyo alipoandika baadaye kwa Chiluba pia. Lakini Lubumbashi si Limuru alikozaliwa Ngũgĩ. Kiswahili cha Katanga si lugha ya ukoo wa mtu yeyote. Kililetwa na biashara ya karne ya 19, kisha kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ikakifanya lugha ya kazi ili kuwaunganisha wafanyakazi waliotoka Kasai, Rwanda, Rhodesia na kila upande, na ili kupunguza nguvu ya lugha za kusini. Ni lugha iliyoanza kwa amri ya msimamizi na kuishia kuwa ya mama na mtoto. Mwandishi wa Likasi aliyeambiwa arudi kwenye lugha ya mababu angeweza kuuliza, mababu wa upande gani?

Kuna pingamizi zito zaidi. Mtoto wa Lubumbashi anayefika sekondari anasoma kwa Kifaransa. Kiswahili anakizungumza nyumbani, sokoni na kanisani, ila kukisoma katika kurasa 200 mfululizo hajazoeshwa. Ukimpa Kichwamaji kwa Kiswahili sanifu, huenda akakiona kigumu kuliko gazeti la Kifaransa. Kwa hiyo wanaosema kwamba ingetosha Mudimbe kuandika kwa Kiswahili wanasahau kwamba mwaka 1973 Lubumbashi hapakuwa na mchapishaji, shule wala duka la vitabu lililokuwa likimngoja msomaji wa riwaya ya Kiswahili. Kezilahabi alikuwa na Tanzania nzima nyuma yake, yenye sera ya lugha, mitaala na wachapishaji. Katika kumlaumu Mudimbe tumwache na haki yake.

Hata hivyo sikubali kwamba Kiswahili hicho hakikuweza kubeba maandishi marefu. Mwaka 1965, chama cha waliokuwa watumishi wa nyumbani wa wazungu kilikusanya historia ya mji na André Yav akaiandika kwa Kiswahili cha hapohapo, tangu kuja kwa wazungu mpaka siku zao. Kijitabu hicho kimechapwa kwa taipureta, hakina nukta nyingi wala aya za shuleni, lakini kina hasira, kina hoja, na kina jicho la mtu aliyewaona wakubwa wakiwa mezani na kitandani. Miaka michache baadaye mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, katika picha 101 na kuzisimulia kwa Kiswahili, moja baada ya moja, mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alikuwa akifundisha chuo kilekile cha Mudimbe. Kikundi cha Mufwankolo kilikuwa kikiigiza kwa Kiswahili na mji mzima ukikifuata. Kwa maneno mengine, katika mji mmoja na miaka ileile, maprofesa walikuwa wakiandika kwa Kifaransa juu ya kauli iliyopotea, na barabarani kauli hiyo ilikuwa ikisema haipotei. Kwangu hii ndiyo huzuni kubwa ya kizazi kile, kwamba kilishindwa kusikia kilichokuwa dirishani.

Kizazi kilichofuata kimesikia zaidi. Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anayeishi Graz, Austria, alitoa Tram 83 mwaka 2014. Mji wa riwaya hiyo hauna jina la ramani, ila mtu wa Katanga anaujua kwa harufu: migodi inayochimbwa na kila mwenye sururu, stesheni ya reli isiyokamilika, baa inayofurika wachimbaji, wanafunzi, watalii na wasichana wadogo. Lucien anataka kuandika. Rafiki yake Requiem anataka kuuza. Sentensi zinakwenda kama bendi isiyotaka kupumzika. Wahakiki kadhaa wa Kiafrika walikishutumu kitabu hicho kwamba kinawafanya wanawake kuwa kelele za nyuma na kwamba kinawauzia Wazungu uchafu wetu. Shutuma ya kwanza naikubali. Wanawake wa Tram 83 wana midomo lakini hawana nafsi, na hilo ni pengo katika kitabu chenye sikio kali hivyo. Ya pili siikubali, kwa sababu anayesimama Kasumbalesa jioni moja, kati ya magari ya shaba na watoto wanaouza maji, hahitaji Mzungu yeyote ili mambo hayo yawe kweli. Lakini ona tena: mabishano hayo yote yalifanyika kwa Kifaransa na Kiingereza.

Ndiyo maana nadhani kazi inayofuata ni ya wafasiri. Mfano tunao. Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka 1994, ilipata Kiswahili chake mwaka 2022 kwa mkono wa Ida Hadjivayanis, kwa jina la Peponi, kupitia Mkuki na Nyota. Ilibidi Nobeli ya 2021 itangulie, jambo la kutia aibu kidogo, lakini kitabu kikarudi nyumbani. Mudimbe hakupata Nobeli. Alichofanya yeye ni kuvipeleka vitabu vyake mwenyewe Chuo Kikuu cha Lubumbashi, viwe maktaba. Kongo nayo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, na mikutano juu ya Kiswahili imekuwa mingi. Mfasiri mmoja na mchapishaji mmoja wangefanya zaidi ya mikutano hiyo.

Wengi wangependekeza kuanza na Entre les eaux kwa umaarufu wake. Mimi ningeanza na Shaba deux ya 1989, riwaya yake ya mwisho na isiyozungumzwa sana. Ni daftari za Mama Marie-Gertrude, mtawa Mfransisko Mwafrika aliyeko Kolwezi Mei 1978, waasi wa FNLC walipouteka mji na askari wa miamvuli wa Ufaransa wakashuka kuurudisha. Watawa wa Kizungu wanaondoka, naye anaachiwa nyumba na madaraka ambayo hakuna aliyemwandaa kwayo. Lugha yake ni nyepesi kuliko ya Nara, na mji wake ni wa Waswahili. Majirani wanaobisha hodi kwenye lango la utawa wangeweza kusema Kiswahili cha Katanga kama kilivyo, huku masimulizi yakienda kwa sanifu. Wasomaji wa bara wamekizoea Kiunguja cha Shafi Adam Shafi katika Kuli na Vuta n'kuvute bila kamusi pembeni. Cha Kolwezi hakitawashinda. Na msomaji wa Bukoba au Kyaka, ambaye majeshi ya Idi Amin yaliingia mkoani kwao miezi mitano tu baadaye, Oktoba ya mwaka huohuo wa 1978, atakuwa na mengi ya kumjibu mtawa huyo.